Mkono wa Orville Dahlke na Maadui Wenye Adabu

Orville Dahlke alikuwa na ng'ombe wa maziwa, trekta mbili, moja ya kulimia na moja ya kung'olewa vipuri, na vidole vitatu katika mkono wa kulia. Viwili vilivyokosekana, cha shahada na cha kati, vilichukuliwa na mashine ya kuvunia mahindi mwezi wa kumi, siku ambayo baridi ilimfanya avae glavu nene asizozizoea. Mgeni akimuuliza alijibu kwa furaha kabisa. Mmoja alimwambia vililiwa na samaki wa ziwani. Mwingine alimwambia amewaazima shemeji zake, nao si watu wa kurudisha vitu.

Wageni ndio waliouliza. Sisi wa Elk Prairie hatukuuliza, na shida yote ilianzia hapo.

Kwetu Wisconsin mtu akipatwa na jambo, humsemeshi kuhusu jambo hilo. Unampikia. Tulimpelekea Orville mabakuli ya tambi za kuoka zenye jibini juu mpaka jokofu lake likakataa kufungwa, na hakuna bakuli lililofika na neno "kidole". Mchungaji wetu, kila akifika pale kwenye kuketi mkono wa kuume katika Kanuni ya Imani, alikohoa. Watu waliokuwa wakimshika Orville mkono kwa miaka yote wakaanza kumpigapiga begani kana kwamba amepata cheo.

Nami sikuwa na nafuu. Naitwa Bernadine Skibba, na baa iliyo kwenye njia panda ni yangu, niliachiwa na baba. Juu ya kaunta kuna mtungi wa mayai ya kuchemsha yaliyolowekwa kwenye siki. Siku ya kwanza Orville alipoingia baada ya kutoka hospitali, aliinua mkono wa kulia, akautandaza hewani, akauelekeza kwenye mtungi. Nikamhesabia mayai matano. Akayatazama mayai, akanitazama mimi, akayala bila neno. Wiki iliyofuata akainua mkono tena, nikampa matano tena. Nilijiona muungwana kweli kweli.

Kisha Leland Tweed akatuletea mchezo. Aliuagiza kwa posta, na kwa kuwa yeye ndiye mpeleka barua wetu, alijipelekea mwenyewe hadi mlangoni kwake. Mnakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake na silaha zake. Mmoja wenu ni mwamuzi. Yeye ndiye anayesimulia mnakokwenda, na ndiye anayewasemea maadui wote, kuanzia kibwengo mdogo wa kichakani hadi joka. Ukitaka kupiga, unarusha dadu yenye pande ishirini. Ikitoka namba kubwa umepata, ikitoka ndogo umekosa.

Mwamuzi alikuwa Leland, mtu mpole kiasi kwamba akigongana na mlango anauomba radhi. Gaylord Mundt, mbeba magunia wa kinu cha chakula cha mifugo, ambaye mdomo wake hufika mahali kabla yake, alikuwa shujaa wa shoka. Mimi nilikuwa kuhani mwenye rungu, kazi niliyoipenda kuliko nilivyotarajia. Na Orville akajiandikia mtu aitwaye Rolf, mpiga mishale.

Upinde huvutwa kwa vidole vile vile ambavyo hakuwa navyo. Sote tuliliona hilo, na sote tukatazama theluji dirishani.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana, kwenye meza iliyo chini ya kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani, cha marehemu baba yangu, mpaka saa kumi, ambapo Orville ilimbidi akakamue ng'ombe. Mwanzoni pigo lilikuwa pigo tu. Ukimpata zimwi, Leland anampunguzia nguvu, nguvu zikiisha anaanguka. Umempiga wapi, hakuna aliyejua.

Orville ndiye aliyelikataa hilo. Alikuwa mwindaji, na baada ya ajali alijifunza kufyatua bunduki kwa mkono wa kushoto ndani ya msimu mmoja, bila kulalamika hata mara moja, jambo ambalo nalo hatukulizungumzia. Alimwambia Leland kuwa mchezo wake una kasoro.

"Mimi silengi kulungu kwa jumla," alisema. "Nalenga nyuma ya bega. Ukilenga kulungu kwa jumla utapiga mti kwa jumla."

Leland alijibu kwamba dadu tayari imeshahesabu hayo yote. Orville akamuuliza dadu imewinda wapi. Wakabishana Jumapili baada ya Jumapili, mpaka Leland, ambaye hajui kukataa kitu mara tatu mfululizo, akatoa sheria. Unataja kiungo kabla ya kurusha. Ukilenga mkono au mguu unaondoa nne kwenye dadu yako, ukilenga jicho unaondoa nane. Na kila mnachoruhusiwa kuwafanyia maadui, maadui nao wanaruhusiwa kuwafanyia ninyi.

Hiyo sentensi ya mwisho hatukuisikia. Tulisikia jicho.

Kuanzia hapo ilikuwa jicho, jicho, jicho. Gaylord alilenga jicho la jitu, jicho la fahali, macho ya buibui moja moja kwa zamu. Siku moja tulikuta mlango uliofungwa, akalenga tundu la funguo kwa hoja kwamba ndilo jicho la mlango. Vita vikawa vya aina mbili tu. Ama adui anapofuka kwa pigo la kwanza na kila kitu kinaisha kabla sijarudi na vinywaji, ama sote tunakosa saa nzima kama watu wanaofukuza nyuki kwa kijiko. Leland alipoteza hamu ya kula soseji zangu, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Lakini alikuwa mwamuzi mzuri, nitamsifu. Alirudi na marekebisho. Kwanza, kulenga kiungo hakuui haraka, kunazuia. Ukimpata mguu anachechemea, ukimpata mkono anaangusha alichoshika, na jicho ni kwa ajili ya kumfanya asione, si kummaliza. Pili, anayelenga kitu kidogo akikosa, amejiachia wazi, na adui anapata pigo moja la bure. Tukaanza kufikiri. Mlinzi ana ufunguo, basi piga mkono. Mjumbe anakimbia, basi piga mguu. Mchezo ukawa mtamu mpaka mwenyewe nikawa nawafungia mlango wateja wengine.

Na maadui nao wakaanza kulenga. Gaylord alikatwa sikio, kisha pua, akafurahia mno kwa sababu sasa alikuwa na habari ya kusimulia. Kuhani wangu alivunjwa goti na kibwengo asiyefika kiunoni kwangu, akachechemea majira yote ya baridi. Rolf wa Orville naye hakuachwa. Alipigwa goti, akapigwa bega la kushoto, akapigwa makalio na mshale wa rafiki yake.

Mkono wa kulia, kamwe.

Ilituchukua muda kugundua, na tulipogundua tulinyamaza. Maadui wa Leland walikuwa wabaya kwa kila hali. Walichoma vijiji, walikula watoto wa kondoo wakiwa hai. Ila mbele ya mkono wa kulia wa Rolf walishikwa na haya kama Walutheri wa Elk Prairie. Joka lilipita hatua moja kutoka kwake, likafungua kinywa, likaing'ata kofia yake.

Orville aligundua kabla yetu sote. Na majira yale alitaka kitu kimoja tu duniani, ambacho mimi niliweza kukiona lakini sikukipa jina lake. Alitaka adui mmoja, hata awe mdogo namna gani, ampige mkono ule.

Akaanza kuwategea. Tukikuta sanamu ya simba yenye kinywa wazi, Rolf anaingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Leland anasema, ndani mna vumbi. Tukikuta shimo ukutani lenye kitu kinachopumua, Rolf anaingiza mkono. Kinachopumua kinahama. Rolf akafika mahali pa kuwasalimia vibwengo kwa kuwapa mkono katikati ya vita. Kibwengo mmoja, naapa, alimjibu kwa kuinamisha kichwa.

"Watu wako wamelelewa vizuri sana, Leland," Orville alimwambia siku hiyo.

Leland akawa mwekundu hadi shingoni, akauliza kama kuna mwenye kutaka kahawa. Gaylord akanipiga teke chini ya meza. Nikampiga lake. Ndivyo tunavyozungumza sisi.

Kisha ikaja Jumapili ya daraja, mwezi wa pili, barafu ziwani ikiwa nene ya kupitisha lori. Tulikuwa tumebakiza daraja moja kabla ya ngome tuliyoitafuta tangu theluji ya kwanza. Juu ya daraja alisimama nahodha mmoja wa walinzi wa ngome, mwenye upanga mwembamba, na Leland alikosea tangu mwanzo kwa kutuambia sifa yake. Nahodha huyu haui watu ovyo. Anawapokonya silaha. Anapiga mikono.

Gaylord alitangulia na shoka, akalenga jicho kwa mazoea, akakosa, na nahodha akatumia pigo la bure kumchanja kifundo cha mkono. Shoka likaenda mtoni. Nikasogea na goti langu bovu. Nahodha akanipiga vidole, rungu langu likafuata shoka. Tukabaki wawili tusio na kitu mkononi, na nyuma yetu Rolf, peke yake, na upinde.

Zamu ya nahodha. Leland alichukua dadu na kujificha nyuma ya kipande chake cha katoni, maana mwamuzi hurusha kwa siri.

"Nahodha anamrukia Rolf," alisema. "Analenga goti."

Orville aliweka chini glasi yake. Hakuiweka kwa kishindo, na ndiyo maana tuligeuka.

"Kwa nini goti?"

"Ameamua tu."

"Ana mpiga mishale mbele yake. Wenzake wawili kawapiga mikono dakika hii hii. Kazi yake ni mikono, wewe mwenyewe umetuambia. Sasa kwangu anapenda magoti?"

Leland alisema labda nahodha amechoka. Alisema labda kuna giza. Alisema, na namhurumia mpaka leo, kwamba huenda nahodha anamheshimu Rolf.

"Leland," Orville alisema, "sema analenga wapi."

"Sipendi, Orville."

"Najua hupendi. Miaka mitatu tangu ajali hupendi. Nimeingiza mkono huu kwenye kinywa cha simba, kwenye shimo, kwenye mzinga wa nyuki wa moto, na kila siku nautoa mzima. Joka lilining'ata kofia, bwana. Joka. Mnadhani sioni?"

Gaylord, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa na mdomo na hakuutumia.

"Ile mashine ya mahindi haikunionea haya," Orville akasema, taratibu, akiutazama mkono wake uliokuwa mezani mbele yetu sote. "Ninyi ndio mnaonionea haya. Mnaniangalia usoni kwa bidii mpaka najisikia kama sina mwili. Nilikuja kwenye meza hii nipigwe kama watu wengine."

Niliona uchungu ule uchi kabisa, nami ukanichoma, kwa sababu nilifikiria mayai. Nikamwambia Leland arushe. Nikamwambia aondoe na hiyo katoni.

Leland aliilaza katoni juu ya meza. "Nahodha analenga mkono wa kulia," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kanisani, na akarusha dadu mbele ya macho yetu. Ikabingirika kati ya glasi, ikagonga sahani ya jibini za kukaanga, ikasimama kwenye kumi na tisa. Hata ukiondoa nne, kumi na tano ilitosha na kusaza.

"Amekupata," Leland alinong'ona. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kiasi gani?"

"Sijui. Orville, sijui. Kiasi gani?"

"Vidole viwili vinatosha," Orville alisema. "Cha shahada na cha kati. Nina uzoefu navyo."

Gaylord ndiye aliyeanza. Ilimtoka puani kwanza, kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza, nami nikamfuata, na Orville akacheka kuliko sisi sote, akiugonga mkono ule mbovu mezani kama nyundo. Leland alicheka huku akifuta macho kwa leso ya karatasi. Miaka mitatu ya tambi za kuoka iliyeyuka pale.

Lakini nahodha alikuwa bado amesimama darajani, na saa ya ukutani ilikaribia saa kumi. Leland akajikusanya, akawa mwamuzi tena. Alisema Rolf aliyepoteza vidole viwili vya kuvutia upinde ataondoa nane kila akirusha mshale, kuanzia sasa hadi mwisho wa maisha yake.

"Nane?" Orville aliuliza. "Nani kakuambia nane?"

"Ni makadirio."

"Mimi nafunga kamba za viatu, nakamua ng'ombe asiyetaka mashine, nachanganya karata. Nane ni ya mtu aliyekufa." Akainuka, akaenda kwenye ubao wa vishale uliokuwa karibu na choo, akang'oa kishale kimoja kwa mkono wa kulia, akakishika kati ya gumba na kidole cha pete. "Jicho la kushoto," akatangaza, na kabla sijaelewa kwamba hazungumzii ubao, alikuwa amegeukia kichwa cha kulungu cha baba yangu.

Nilimwambia akithubutu atakunywa maji ya bomba mpaka siku ya kufa. Akathubutu. Kishale kilipita juu ya kichwa cha Gaylord, aliyejitupa chini kwa wepesi ambao shujaa wake hakuwahi kuuonyesha, kikatua katikati ya pua ya kulungu, kikatetemeka kidogo, kikatulia.

Tukakitazama. Orville alisogea karibu, akapima kwa jicho umbali kutoka puani hadi kwenye jicho la kioo.

"Basi mbili, si nane," Leland alisema.

Orville alifikiri. "Mbili ni haki," akakubali, akarudi kukaa.

Ikawa zamu ya Rolf, damu ikimchuruzika, upinde umeshikwa kwa vidole visivyouzoea. Gaylord alikuwa bado chini ya meza akimshauri alenge jicho. Mimi nilimshauri alenge mkono wa upanga, tulipe kisasi. Leland alimuuliza rasmi, kama sheria inavyotaka, analenga kiungo gani.

Orville alizungusha dadu ndani ya ule mkono, akitabasamu kama mtu aliyepata mzigo wake uliopotea posta.

"Leo nalenga nahodha," alisema, "kwa jumla."

Ilitoka kumi na nne. Tukaondoa mbili, ikabaki kumi na mbili, na nahodha, ambaye alikuwa amejikinga kila mahali pa maana, alipata mshale mahali fulani pasipojulikana akaangukia mtoni kuungana na silaha zetu. Leland alitaka kueleza ni wapi hasa mshale ulimpata. Tukamwambia anyamaze.

Saa kumi ilikuwa imeshapita kidogo, na ng'ombe wa Orville hawakujua habari za madaraja. Alivaa koti, akavaa kofia yenye masikio. Leland akamfuata mlangoni na, badala ya kumpigapiga begani, akampa mkono wa kulia. Alimshika vile vidole vitatu, akavitikisa vizuri, kama watu wanavyosalimiana.

Jumapili iliyofuata, kibwengo wa kwanza kutoka kichakani alimng'ata Rolf gumba. Wa pili alilenga kidole cha pete, kwa hasira tupu, akakosa. Orville alilalamika kwamba huu sasa ni uonevu, akiwa na furaha ambayo sijaiona hata siku mnada wa ndama ulipomwendea vizuri. Kisha akajinyoosha kwenye kiti, akageukia kaunta, akainua mkono wa kulia, akautandaza hewani na kuuelekeza kwenye mtungi wa mayai.

Niliuangalia mkono. Niliuangalia vizuri, bila haraka, kwa mara ya kwanza. Nikachukua koleo, nikatoa mayai, nikampelekea sahani.

Yalikuwa matatu.

Orville aliyatazama mayai, akanitazama mimi. "Jamani, Bernadine," alisema, "nimengoja utani huu mpaka nikazeeka." Kisha akaanza kula, na lile la tatu akampa Leland.